Watu Wote Walibonyeza Nzuri

Swali lile niliandika mimi. Nalisema mapema kwa sababu kuna watu katika ofisi yetu ya Dar es Salaam ambao mpaka leo wanadai lilitoka kwenye kamati. Halikutoka kwenye kamati yoyote. Lilitoka kwangu, asubuhi moja, mbele ya chai ya rangi na chapati mbili, katika chumba tulichopanga hapa Chemchem, Tabora, na nilipomaliza kuliandika nilijiona mtu wa maana.

Kazi yangu inaitwa uratibu wa maoni ya watumiaji. Kwa lugha ya kawaida ni hivi: ofisi ya Dar ikishatoa toleo jipya la programu ya simu, mimi ndiye ninayekaa huku kusikiliza watu wanasemaje. Programu yenyewe ni ya wakulima wa tumbaku. Mkulima akishapanga majani ndani ya bani, ile nyumba ndefu ya kukaushia, anawasha moto na kuibonyeza simu kuiambia kwamba ameanza. Kuanzia hapo simu inamhesabia saa. Wakati wa kufungua matundu ya hewa au kuongeza moto ukifika, inamwita. Akichelewa, majani yanachemkia humo humo ndani na kuwa meusi, na jasho la miezi mingi linaishia hapo.

Toleo la kwanza lilikuwa linamwita kwa sauti ya jogoo. Jogoo yule alikuwa na mapafu. Ungeweza kuiacha simu imening'inia kwenye msumari wa mlango wa bani, ukaenda kuchuma majani mwisho wa shamba, na bado akakufikia. Wakulima walimpenda mno. Nilipata habari za mzee mmoja aliyekuwa anaibonyeza simu bila kuwasha moto wowote, ili wajukuu zake wamsikie.

Kilichomwondoa ni kikao. Mkuu wetu wa Dar alikaa na wageni waliovaa suti, simu yake mezani na programu ikiwa kwenye majaribio, na mgeni mkubwa alipokuwa katikati ya maelezo yake, jogoo akawika. Wiki iliyofuata tukaambiwa kwamba sauti ile ni ya kishamba. Nilitamani kuuliza programu ya wakulima wa tumbaku ilitakiwa kuwa ya wapi kama si ya shamba, lakini nikanyamaza, maana mimi ni hodari wa kusema mambo nikiwa peke yangu. Toleo jipya likatoka na sauti ya tone la maji. Lilikuwa tone moja, la kistaarabu kabisa, na likishadondoka limedondoka.

Sasa nirudi kwenye swali. Zamani wakulima walikuwa wananitumia maoni kwa ujumbe wa sauti. Ukifungua ujumbe wa dakika nne, tatu za kwanza ni salamu. Anakuamkia, anakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua ya huko mjini kana kwamba mjini kuna mvua yake, anawasalimia wote walio karibu nawe, na mwisho, pumzi zikimwishia, anakuambia kwamba programu haifunguki tangu Jumapili. Nilichoka. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na salamu za watu themanini kabla ya saa nne asubuhi zilikuwa zinanitoa kwenye ubinadamu. Kwa hiyo mkuu aliponiagiza niandike swali la kuwauliza watu kuhusu toleo jipya, nikaliandika fupi, na nikaomba sehemu ya ujumbe wa sauti iondolewe kabisa.

Nikaandika: "Habari ya toleo jipya?" Chini yake nikaweka vitufe viwili, Nzuri na Mbaya.

Nilikuwa nimeepuka kile Kiswahili cha ofisini cha kumuuliza mkulima kiwango chake cha kuridhika. Nilijipongeza kwamba nimezungumza na watu wangu kwa lugha yao. Mimi, niliyezaliwa huku, niliyefundishwa kuamkia kabla sijafundishwa kuvaa viatu, sikuona kitu.

Majibu yakaanza kuingia. Goweko, Nzuri. Urambo, Nzuri. Wote waliojibu, kijiji baada ya kijiji, walikuwa wamebonyeza Nzuri, isipokuwa mtu mmoja aliyebonyeza Mbaya, kisha baada ya dakika moja akanipigia kuomba radhi kwamba simu ilikuwa imeshikwa na mtoto. Mkuu alifurahi mpaka akanipigia simu mwenyewe. Alisema katika kazi yake yote hajaona toleo lililopokelewa hivyo. Akaniambia Ijumaa atalifunga toleo la zamani moja kwa moja, jogoo azikwe, na akaniagiza nimwandikie ripoti yenye picha ya mtumiaji mwenye furaha. Ripoti ile ingesomwa mbele ya wageni wale wale wa suti, na mimi ningepelekwa Dar kuisoma.

Kulikuwa na kitu kimoja kidogo ambacho sikukielewa. Watu walikuwa wananitumia picha za majogoo kwenye simu yangu. Hawakuandika neno. Ilikuwa picha ya jogoo mwekundu, kesho yake jogoo mweupe, siku nyingine jogoo amesimama juu ya baiskeli. Nikalifikiria jambo hilo kwa muda mfupi kuliko lilivyostahili, nikaandika kwenye ripoti kwamba watumiaji wameonyesha mapenzi yao kwa njia ya picha za mifugo.

Kisha akaja mtu wa Urambo. Alikuwa baba wa makamo, amevaa koti la kwenda kanisani siku ya Jumatatu, na kwapani amembana jogoo mzima, hai, mwenye hasira. Alikuwa ametoka naye Urambo kwa basi. Tukasalimiana vizuri na kwa urefu. Nikamuuliza habari ya toleo jipya, akasema nzuri. Akamweka jogoo juu ya meza yangu, karibu kabisa na kompyuta, akanywa maji niliyompa, akatazama kuta za ofisi taratibu, akasema, "Nimeona hapa kwenu hakuna jogoo."

Nikamshukuru kwa mikono miwili. Akanitazama kidogo, akasema haya, akaaga na kuondoka.

Jogoo yule tulimla Jumanne, na alikuwa mtamu.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni fundi cherehani, mzee wa mjini ambaye familia yake imeshona kanzu hapa Tabora tangu enzi za babu yake. Nilimpelekea paja moja, na nilipokuwa namsimulia mafanikio ya swali langu, aliendelea kula. Halafu akaniuliza kama kuna yeyote aliyelalamika. Nikamwambia hakuna. Akasema basi kuna jambo. Yeye, alisema, mteja akijaribu nguo hamsikilizi mdomo, anatazama bega. Mdomo utasema imekaa vizuri fundi, Mungu akubariki, na bega lenyewe linavutwa vutwa kama lina siafu. Ukimwamini mdomo, huyo humuoni tena.

Nilimjibu kwamba kushona na teknolojia ni vitu viwili tofauti. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma, na naikumbuka sauti ile mpaka leo, na inaniudhi. Fundi akalamba vidole, akasema alhamdulillah, akarudi kwenye cherehani yake.

Picha ya mtumiaji mwenye furaha nilijua pa kuipata. Shangazi yangu, dada yake baba, analima tumbaku Goweko. Ni mjane, ni mama wa kwaya, na akicheka anaonyesha meno yote, kitu ambacho ripoti inakihitaji. Jumatano asubuhi nikampigia kwamba nakuja kumpiga picha akiwa mbele ya bani lake. Akasema karibu mwanangu.

Nilimkuta amevaa sare ya kwaya, kitambaa cheupe kichwani, amepaka mafuta mpaka anang'aa. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na tukaendelea na salamu kama inavyotakiwa. Habari za hapa, nzuri. Za watoto, nzuri. Za shamba, nzuri. Za toleo jipya, nzuri sana, tunashukuru. Nikaitoa simu kuandaa picha. Akasema kwanza nile. Nikala viazi. Akasema ninywe maziwa, nikanywa. Nikasema sasa shangazi tusogee bani, akakumbuka kwamba hajanionyesha choo kipya. Nikaonyeshwa choo kipya, tukakizunguka, nikakisifia.

Tulipofika mbele ya bani alisimama vizuri, akacheka yale meno, nikapiga picha tatu. Zilikuwa picha nzuri kweli. Hapo ningeaga na kuondoka na ripoti yangu, lakini nikataka moja ya ndani, yenye majani ya manjano nyuma yake. Nikamwomba afungue mlango. Hakukataa. Aliitazama bawaba kwa muda, kisha akafungua.

Bani zima lilikuwa jeusi. Majani yalikuwa yananing'inia kwenye fito zake, safu juu ya safu, meusi na yamejikunja kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Alikuwa hajayatoa. Alisema kila akiingia kuyatoa mikono inakataa.

Nikamuuliza kumetokea nini, na alinieleza akiwa amegeukia nje, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Adhuhuri ile alikuwa shambani anachuma. Simu aliiacha kwenye msumari kama siku zote, sauti ameipandisha mpaka juu, akawa anamsubiri jogoo. Jogoo hakuwika. Aliporudi jua limeshapinda ndipo alipoona kwamba simu ilikuwa imemwita zamani sana, na kwamba wito wenyewe ulikuwa tone. Akasema alijaribu baadaye kusimama karibu na mlango ili alisikie, na akalisikia, na akadhani ni ndoo inavuja.

Na hakuwa peke yake. Akanitajia nyumba moja, ya pili, ya tatu, mpaka nikamwomba anyamaze. Wengine walikuwa wameniandikia, alisema. Nikamwambia hakuna aliyeniandikia. Akanikumbusha zile picha. Mbona walinitumia majogoo? Mbona yule wa Urambo alisema atanibebea mwenyewe, mkononi, labda nikimwona nitaelewa? Kumbe habari zilikuwa zimefika mpaka Goweko na jibu langu linasubiriwa. Akaniuliza jogoo yuko wapi.

Nikamwambia tumemla.

Shangazi alikaa kwenye gogo akacheka mpaka kitambaa kikamvuka, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa bani lake bovu nikitamani ardhi inimeze pale pale. Alipotulia nikamuuliza lile lililokuwa linanikereketa. Nilimuuliza kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujilaumu.

"Shangazi, kwa nini basi ulibonyeza Nzuri?"

Alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowanisha.

"Mwanangu, si uliuliza habari? Mtu akiulizwa habari anajibu nzuri. Nilibonyeza nzuri, nikangoja uniulize mengine. Hukuuliza."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na sijaipunguza hata kidogo ninapoisimulia. Hata kwenye nyumba ya msiba, mtu akija na kuuliza habari za hapa, mfiwa anajibu nzuri, halafu ndipo anasema, ila tumepatwa. Tumekua hivyo. Ile nzuri ni mlango tu, na habari yenyewe iko ndani. Mimi nilikuwa nimewawekea watu mlango, nikabomoa nyumba, kwa sababu sikuwa na dakika tatu za salamu.

Shangazi alibakiwa na mchumo mmoja, wa majani ya juu, ambayo ndiyo mazito. Bani la pili lilishaanza kupangwa, na Jumamosi asubuhi lazima liwashwe, maana majani yaliyochumwa hayangoji mtu. Simu yake ilikuwa na toleo jipya na jogoo asingerudi ndani yake mpaka Dar wamrudishe. Na Dar Ijumaa walikuwa wanamzika.

Goweko, nyumbani kwa shangazi, mtandao unapatikana vizuri juu ya kichuguu kilicho nyuma ya zizi. Nikapanda na viatu vyangu vya mjini. Shangazi akasimama chini, mikono kiunoni, na sare yake ya kwaya. Nikampigia mkuu, akapokea kwa furaha, akaniuliza habari za Tabora.

"Nzuri," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilimwona shangazi ananitazama kutoka chini, na kama ningekuwa na pa kuficha uso ningeuficha. Mkuu alishaanza kuniambia kuhusu hoteli nitakayofikia. Nikamkatiza. Nikasema nzuri, ila ile ripoti ni ya uongo, na mwongo ni mimi. Nikamweleza jogoo, tone, picha, mtu wa Urambo, bani jeusi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ni haki yake niseme hivyo, kisha akasema hawezi kubadilisha kazi ya timu nzima kwa sababu ya mtu mmoja ambaye tena ni shangazi yangu. Takwimu ziko wazi. Wote wamesema nzuri.

Sikuwa na takwimu nyingine. Nilikuwa na jambo moja tu, na sikupenda kulitumia, kwa sababu ni la kwake na lilikuwa halijapoa.

"Mkuu, baba yako alipofariki nilikupigia siku ile ile. Nilianza kwa kukuuliza habari za hapo. Ulinijibu nini?"

Nikadhani mtandao umekatika, nikahama upande wa pili wa kichuguu.

"Nilikujibu nzuri," akasema.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kuliko ile yake ya ofisini, shangazi anawasha moto lini. Nikamwambia Jumamosi asubuhi. Akasema jogoo atarudi Ijumaa. Akasema pia kwamba ripoti nitaifuta mwenyewe, mbele ya wenzangu wote, nikieleza swali lilitoka kwa nani. Safari ya Dar ikafa hapo. Niliteremka kichuguu nimechafuka magoti, na shangazi akanipangusa kwa kitambaa chake cheupe akisema pole.

Jogoo alirudi kweli, Ijumaa alasiri. Nilijua kabla ya ujumbe wa ofisi, kwa sababu fundi alikuwa amenipa simu yake ya zamani niifanyie majaribio, na niliiacha juu ya meza yake ya kukatia. Ilipowika, mteja aliyekuwa anapimwa kanzu aliruka na pini zote.

Swali nalo nikaliandika upya. Nililiacha lile lile, habari ya toleo jipya, maana kumsalimia mtu si kosa. Vitufe nikaondoa vyote viwili, nikaweka kimoja kikubwa kilichoandikwa "Nzuri, ila..." na ukikibonyeza kinafungua nafasi ya ujumbe wa sauti, bila kikomo cha dakika. Siku ya kwanza nilipokea jumbe nyingi kiasi kwamba nilizisikiliza hadi chapati ikapoa. Wanasalimia, wanauliza mvua, wanasalimia tena. Siku hizi nazisikiliza zote tangu mwanzo, na ninakiri kwamba kwenye salamu ya saba au ya nane bado nasaga meno.

Kwa yule wa Urambo ilibidi nipige mwenyewe. Tuliamkiana, tukaulizana mengi, mpaka akafika alipokuwa anaelekea, akaniuliza habari ya jogoo. Nikasema nzuri. Akangoja. Nikasema ila tulimla. Akasema alijua, uso wangu ulikuwa na njaa tangu alipoingia.

Shangazi aliwasha bani lake Jumamosi ile. Sikumpigia Jumapili, wala Jumatatu. Nilikuwa naogopa. Nilijiambia nina kazi nyingi, nikapanga karatasi ambazo hazikuhitaji kupangwa. Siku bani lilipotakiwa kufunguliwa nikajikaza, nikapiga mchana, na nikasikia kwamba yuko juu ya kichuguu kwa jinsi anavyohema. Nikamwamkia. Tukaulizana habari za watoto, za kwaya, za fundi. Mwisho nikamuuliza habari ya majani.

"Nzuri," akasema.

Nikangoja. Nilishikilia simu kwa mikono miwili na kungoja ile ila. Nyuma yake nilisikia mbuzi, na upepo unapiga simu.

"Mbona kimya?" akaniuliza. "Umekatika?"

"Nipo shangazi. Nakusikiliza."

Akacheka kidogo.

"Ni nzuri tu, mwanangu. Ni ya manjano. Njoo na simu yako upige ile picha ya ndani."